Banjo ya Shingo Ndefu kwa Bibi Aliyenyamaza

Ibra, Jumamosi. Vumbi tangu asubuhi, na joto la kukausha kanga kabla hujamaliza kuianika. Mimi mwenyewe situlii. Nimekaa, nimesimama, nimechemsha chai nikaisahau. Bado kama saa moja hivi kabla ya Maghribi, na nimeamua kuandika, maana nisipoandika nitazunguka humu ndani mpaka Mwanaidi, dada wa Tanga anayetusaidia nyumbani, anifukuze kwa ufagio.

Leo nilikwenda Nizwa kuchukua banjo.

Si ya dukani. Hii nilimwagiza fundi anitengenezee kwa mkono, yenye shingo ndefu. Ya kawaida ninayo, niliinunua Maskati kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Kwa asiyeijua banjo: ni dufu lililotiwa shingo na nyuzi tano. Juu ya shingo kuna vijiti vyembamba vya chuma vilivyolala kwa upana. Ukibonyeza uzi nyuma ya kijiti, unapata sauti yake. Ile ya shingo ndefu ina vijiti vitatu zaidi, kwa hiyo inashuka chini kuliko nyingine. Inawafaa waimbaji wa nyimbo za kale wenye sauti nzito.

Na mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba sauti ya Bibi imeshuka. Hapo ndipo penye uongo wangu, basi niuseme.

Bibi ni mama yake mama yangu. Ana miaka themanini na nne, kazaliwa Unguja mjini. Nyimbo zake ni za kubembelezea watoto, za kutwangia, za kumtoa biharusi. Katika ukoo wetu hakuna mwingine anayezijua. Mama anajua nusu nusu, mimi najua kuitikia tu. Kwa miaka miwili, kila Alkhamisi nilikaa naye, yeye anaimba, mimi namfuata kwa banjo na kumrekodi kwa simu. Akichoka huniambia kwamba Kiswahili chetu sisi tuliozaliwa huku ni cha kopo, kinafunguliwa tu, hakipikwi.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Ugonjwa wangu ni kusahihisha.

Miezi minane iliyopita, banjo yangu na Bibi hawakupatana. Kuna wimbo wake mmoja wa kubembelezea: *Mwana lala, mwana lala, maji yamo mtungini, mamako hakwenda mbali, yu papa hapa jikoni.* Kila akifika kwenye "mtungini", sauti inateremka mahali ambapo vijiti vyangu havifiki. Nikaweka kwenye simu programu ya kupimia sauti. Ukiimba sawa inawaka kijani, ukikosea inawaka nyekundu. Nikaisimamisha mbele yake, juu ya sinia ya kahawa.

Akaimba. Nyekundu. Nikamwambia arudie. Nyekundu. Mara ya nne nikacheka, nikamgeuzia kioo cha simu nikasema, "Bibi, unakosea, tizama mwenyewe!"

Aliitizama ile simu. Akatabasamu, akasema anataka chai.

Hajaimba tena tangu siku ile.

Hata kwenye arubaini ya mtoto wa binamu yangu, walipomwekea mtoto mapajani, alimpigapiga mgongoni kimya kimya na watu wote wanamsubiri. Mimi nikajiambia ni umri. Sauti imeshuka, banjo yangu inampandisha asikofika. Nikasoma mtandaoni, nikakutana na habari za shingo ndefu, nikafurahi kama mtu aliyepata jibu la hesabu ngumu. Ukweli ni kwamba kuagiza banjo kulikuwa rahisi kuliko kusema samahani.

Fundi wangu ni Ustadh Nasir, mtu wa makamo, karakana yake iko nyuma ya nyumba yake Nizwa. Maisha yake yote anatengeneza oud, ile ala ya nyuzi ya taarabu yenye tumbo kubwa. Nilipomwonyesha picha ya banjo alicheka sana, akauliza nani kalivika dufu nguo za oud. Lakini akakubali kazi, na juzi akaniandikia neno moja tu: imekwisha.

Basi leo nimetoka Ibra baada ya sala ya alfajiri, nikashika njia ya Bidbid, kisha nikapinda kwenda Nizwa, roho juu juu njia nzima. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu kichwani. Nitaingia nayo nyumbani, Bibi ataiona, atacheka, ataimba, na yale ya simu yatajifia yenyewe bila mtu kuyataja.

Banjo ni nzuri, Mungu ambariki aliyeitengeneza. Duara la mkunazi, ngozi ya mbuzi iliyovutwa ikakaza, shingo ya msaji, ndefu mpaka nikacheka peke yangu. Nikapitisha kidole shingoni. Laini. Nikapitisha tena.

Hakuna kijiti hata kimoja.

Nilikasirika, sitaficha. Nikamwambia Ustadh kwamba banjo bila vijiti ni rula bila namba, na nimeendesha gari zaidi ya saa mbili kwa sababu aliniandikia imekwisha. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akanimiminia kahawa, akasema kwamba upande wake umekwisha kweli, uliobaki ni upande wa mwimbaji.

"Mwimbaji mwenyewe yuko wapi?" akaniuliza.

Akanieleza taratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu wagumu. Oud haina vijiti. Kidole ndicho kinachomtafuta mwimbaji. Kama mimi navitaka, haya, atavitia, lakini hawezi kuvitia kwa kipimo cha watu asiowajua. Kijiti kikishapigwa kimekaa. Nimlete huyo mwimbaji, aimbe, naye atatia alama kila anapokanyaga, ndipo avipige.

Nikamjibu kwamba haimbi tena, sauti yake imeharibika kwa uzee. Niliyasema hayo juu ya Bibi yangu, mbele ya mtu baki, na kikombe chake cha kahawa mkononi.

Akauliza kama sina sauti yake popote. Nilikuwa nazo kwenye simu, za miaka miwili. Nikafungua ule wimbo wa kubembelezea. Ustadh Nasir hajui neno la Kiswahili. Alisikiliza mara mbili macho chini. Mara ya tatu akaipakata banjo, akaanza kumfuata. Kidole chake kikawa kinateleza juu ya shingo ile tupu, na kila Bibi alikokwenda, yeye yuko. Walipokaribia "mtungini" nilifumba macho kwa aibu.

Wakafika pamoja.

Nikamfungulia tena wimbo uleule, wa siku nyingine. Kisha wa siku ya tatu. Kila mara alitia alama ya penseli shingoni, na alama zote tatu ziliangukia mahali pamoja. Akaipima na picha ya banjo yangu ya kawaida: ipo katikati ya vijiti viwili. Akasema sauti hiyo wapiga oud wote wanaijua. Akasema mwanamke huyu kafundishwa vizuri, na aliyemfundisha naye alifundishwa vizuri.

Kumbe simu haikuwa na rangi ya sauti hiyo.

Banjo nimeiacha kulekule. Nimerudi mikono mitupu, na sikumbuki hata nilipita wapi kabla ya Bidbid. Nilifika nyumbani baada ya Adhuhuri. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni, Mwanaidi anamkanda miguu kwa mafuta ya nazi. Sikungoja nivue hata abaya. Nikapiga magoti, nikamshika mkono, nikamwambia yote, ya Nizwa na ya alama za penseli.

"Hukukosea, Bibi," nikasema. "Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe."

Alinitazama usoni. Nilidhani ana hasira, nikaona ni haki yake. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wallahi, Rayya? Sikukosea?"

"Wallahi, Bibi."

"Mie n'lidhani nnaanza kusahau," akasema. "N'kasema khalas, basi tena, yale ya marehemu Salma ndo yashanifika."

Bi Salma alikuwa dada yake. Yeye naye alianza kwa kupotea katika nyimbo. Akaishia kuwauliza wanawe wa kuwazaa kwamba wageni hawa wametoka wapi. Bibi ndiye aliyemuuguza mpaka siku ya mwisho, kwa hiyo hakuna la kumwambia juu ya maradhi yale.

Mwanaidi hakuinua kichwa. "Ndiyo maana," akasema. "Kila asubuhi hutaja majirani zake wa Unguja, nyumba kwa nyumba. Mie nikidhani awaombea dua."

"N'kiwahesabu," Bibi akasema. "Nikimkosa mmoja, usiku huo silali."

Miezi minane. Mimi najisifu kwamba namtafutia chombo, na yeye kila asubuhi anajifanyisha mtihani peke yake, anaogopa kushindwa. Hakumwambia mtu. Alikuwa anatabasamu na kuomba chai. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ni mimi.

Nililia, na kwa kweli nilijilaumu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Akanipiga kofi dogo mkononi.

"Usinililie, sijafa. Simu yako ile ina umri gani?"

"Miaka mitatu, Bibi."

"Haya. Umeniletea kitoto cha miaka mitatu kije kunisahihisha, na mie nikakisikiliza. Nani mjinga hapo?"

Tukacheka sote watatu, Mwanaidi mpaka akamwaga mafuta. Bibi kakubali kwenda Nizwa Jumamosi ijayo. Banjo haimshughulishi, anasema, ila anataka kumwona huyo mwanamme aliyemsikia bila kuijua lugha yake. Nimfungashie na halua.

Ningeweza kumalizia hapa, na ingekuwa siku njema.

Lakini sasa hivi ninavyoandika namsikia chumbani kwake. Mlango umerudishwa. Anaimba, polepole, chinichini, kama anayeonja kitu asijue kama kimetiwa chumvi. *Mwana lala, mwana lala.* Sauti haijashuka hata kidogo. Iko palepale ilipokuwa. Anafika kwenye "mtungini", anasita. Anarudi mwanzo. Anafika, anasita tena. Ameshafanya hivyo mara tano au sita.

Nilidhani nikiomba radhi kila kitu kitarudi mahali pake. Nilimtia shaka kwa sekunde chache za kicheko, na shaka haikutoka kwa samahani moja. Miguu inaniwasha kwenda kumgongea mlango nimwambie hapo sawa, Bibi, hapo hapo, endelea. Nimeinuka mara mbili, nimekaa mara mbili. Nani kaniweka mimi kuwa wa kumwambia sawa?

Sitaingia.

Kesho, akishakunywa chai, nitakwenda kukaa chini kwenye mkeka wake bila banjo, nimwombe anifundishe wimbo ule, neno kwa neno. Kwenye "mtungini" nitakosea, hilo nina hakika nalo. Sauti ile sijapata kuitoa mimi. Nataka anisikie ninavyoikosa. Nataka anicheke, aniimbie mwenyewe mpaka mwisho bila kusita, na aniambie, "Rayya, unakosea."