Koti Lako Nililovaa Mimi

Kioko ndugu yangu,

Huku duniani mimi ndiye niliyekufa. Usicheke. Nina msalaba wa kalamu juu ya kichwa changu, na umekaa hapo karibu miaka ishirini bila mimi kujua.

Unaikumbuka ile picha tuliyopigwa Nunguni, tukiwa kidato cha pili? Tulitoka Kathonzweni juu ya lori la magunia, tukafika studio tukiwa na vumbi hadi kwenye kope. Shati langu lilikuwa limepasuka begani. Ukavua koti lako, lile la kola pana alilokununulia mama yako sokoni, ukanitupia. "Vaa wewe. Mimi uso unatosha." Maringo yako hayo! Mpiga picha naye akanimalizia: "Wewe wa masikio, sogea kidogo, unaziba pazia." Tukapata nakala mbili, kila mtu yake.

Halafu ukatuacha, Mutuku wako hata hajaanza kutambaa. Mama yake akakufuata, mtoto akabaki kwa mama yako. Na unajua tunavyofanya huku: mtu akifa, picha yake inawekwa msalaba, mgeni asije akauliza yuko wapi. Lakini macho ya mama yako yalikuwa yameshaingia ukungu. Akampa jirani picha na kalamu, akamwambia, "Weka kwa yule mwenye koti." Jirani hakukujua. Akaniwekea mimi. Picha ikafungiwa sandukuni, ikitolewa tu kuonyeshwa mtoto, na mimi nikahamia Mwingi kuuza misumari na mabati.

Wiki jana Mutuku alikuja dukani. Anaoa Desemba, Kioko! Akaiweka picha juu ya kaunta, polepole kama yai. "Baba Mwende, wewe unawajua watu wa studio ya hapa. Wamkuze baba nimweke ukutani. Huyu wa kando wamkate."

Huyu wa kando ni wewe.

Nikafungua mdomo nimwambie. Lakini akainama, akakutazama vizuri, akanitazama mimi na kitambi changu na kipara. "Au huyu ni wewe? Kumbe ulikuwa kijana mzuri hivi!" Mke wangu akakohoa kule nyuma, kikohozi ambacho si cha homa. Na mimi, ndugu yangu, nikanyamaza. Miaka arobaini na kitu sijawahi kuitwa mzuri, nikaonja kidogo. Nisamehe.

Hiyo ni sababu moja, ile ya upuuzi. Ya pili ni kwamba kijana alijishika masikio, akasema, "Susu ananiambia haya nimetoa kwa baba." Susu wake, yaani mama yako, anayapapasa tu siku hizi. Kioko, masikio ya mwanao ni madogo, yamelala kichwani kama yako. Lakini ametazama yangu pichani tangu utoto mpaka akayaamini. Nilishindwa kumnyang'anya baba pale kwenye kaunta, wateja wakingoja rangi.

Akaniachia picha. Siku tatu imekaa kwenye droo, pamoja na mkasi. Kila nikiifungua unanitazama, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, unacheka. Basi. Inatosha. Sikati roho kwa sababu ya droo.

Jumamosi anarudi. Nakala yangu nimeshaitoa kwenye Biblia, ile isiyo na msalaba. Nitaziweka mbili mbele yake nimwambie: baba yako ni huyu, na huyu mwenye masikio ni mimi, shika uone. Akikasirika, akasirike. Akilia, nitafunga duka. Kisha tutapanda gari hadi Kathonzweni, nimweleze mama yako kwa mdomo wangu, nimpe na kichwa changu akipapase, ajue aliyempigia msalaba bado anakula ugali. Akinicheka, nitashukuru. Akinichapa bakora, nimeistahili, kwa miaka yote hiyo niliyokuja kwenu nikanywa chai uani bila kuuliza mtoto anaonyeshwa nini.

Studio nimeshawaambia tayari. Wamkuze mwenye shati. Mwenye koti wamkate.

Haya, pumzika, Kioko. Nakuahidi, siku ya harusi nitasimama chini ya picha yako, na atakayeuliza ni nani nitamwonyesha bwana harusi. Utakuwa ukutani bila koti. Ulisema mwenyewe, uso unatosha.

Wako wa masikio,
Musyoka