Saruji ya Wodi ya Wazazi

Kariakoo, Dar es Salaam
Alhamisi, 18 Aprili. Asubuhi mvua kubwa mpaka saa tatu, kisha mawingu bila jua. Barabara ya Jangwani haipitiki.

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama mfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua atakuwa amesimama nyuma ya kiti chako. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Mimi ni mzima, nakula vizuri, na viatu ulivyonishonea bado vinazuia maji.

Nianze na lililo muhimu. Ile mifuko kumi na minane ya saruji aliyowaletea Baba mdogo Estomihi msiitumie kwenye lenta ya wodi ya wazazi. Msimwage hata karai moja. Sababu nitaieleza kwa mpangilio, ili uweze kuisomea kamati ya ujenzi.

Kopo la saruji ulilompa dereva wa basi lilinifikia Ijumaa. Nilifurahi kwamba wewe, fundi wa miaka yote hiyo, umetaka neno langu kabla ya kumwaga zege. Jumatatu nikaanza kazi. Hapa maabara tunapima kalsiamu, yaani ile asili ya chokaa inayoifanya saruji ishike. Tunapima unga kidogo kwenye mizani, tunauyeyusha kwa asidi, tunachuja, kisha tunatia dawa ya rangi na maji yote yanakuwa mekundu. Juu yake kuna bomba la kioo lenye mistari, tunaliita bureti, linalodondosha dawa nyingine tone kwa tone. Kalsiamu yote ikishashikwa, wekundu unageuka kuwa buluu. Kadiri matone yanavyokuwa mengi, ndivyo kalsiamu ilivyo nyingi. Saruji nzuri hutoa sitini na kitu katika mia.

Yako ilitoa sabini na moja.

Baba, nilishangilia. Jioni ile ile nikakuandikia barua kwamba saruji ni nzuri kupita kiasi, mmwage lenta Jumamosi kama mlivyopanga. Nikaifunga na kubandika stempu, nikaiweka mkobani.

Jumanne asubuhi mkuu wangu, Mzee Mbwambo, alipitia daftari la kazi. Yeye ni Mpare wa Usangi, kwa hiyo ni mtani wetu na hanionei huruma.

"Ndugu Aikande," akaniita, "hii sabini na moja umeitoa wapi?"

"Kwenye saruji ya nyumbani, Mzee."

"Hakuna saruji ya hivyo. Lakini ninyi Wachagga mkipewa kilichozidi hamsemi kimezidi, mnafunga mfuko haraka!"

"Na ninyi Wapare hamlali mpaka mpate kesi," nikamjibu.

"Basi leo nimeipata, na mshtakiwa ni wewe. Kalitazame kopo lako."

Wenzetu wakacheka. Mimi nikafungua shajara yangu, kwa sababu unajua kila siku naandika nilichokiona hata kama hakina maana. Siku ya Ijumaa nilikuwa nimeandika: "Kopo la Baba limefika. Chembe nyeupe chini ya mfuniko." Niliziona kwa macho yangu, nikaziandika kwa mkono wangu, halafu sikuuliza ni za nini. Nililigeuza kopo na kulikwaruza kwa kisu. Chokaa! Baba, si ndilo lile kopo ulilochanganyia chokaa tulipopaka sebule Krismasi? Najua Mama alilisuuza, lakini chokaa hukaa kwenye mikunjo ya bati. Chokaa ya ukuta wetu ndiyo iliyoipandisha saruji yenu. Barua ile niliichana pale pale.

Kosa la kopo ni lako, la kutouliza ni langu. Tugawane.

Sasa nilihitaji saruji safi ya shehena ile ile. Nilijua ilipo. Baba mdogo alijibakizia mfuko mmoja stoo ya duka lake, nyuma ya misumari na ndoo zake, asakafie ua. Jioni nikamwendea na chupa yangu safi, nikamweleza.

Akaacha kula. "Unaipima simenti yangu?"

"Naipima ya wodi, Baba mdogo. Hii ni ndugu yake."

"Miaka kumi na mbili niko Kariakoo hii! Mtu akiniletea mfuko naujua kwa kuunyanyua tu. Leo mtoto niliyempa chumba aje na kichupa?"

Mama mdogo akasema kutoka jikoni, "Si umpe tu achote? Kama ni nzuri, kichupa kitakuongezea nini au kukupunguzia nini?"

Akanirushia ufunguo. Nikachota, nikamrudishia ufunguo. Nikamwomba aje maabara kutazama mwenyewe. Nilidhani atakataa, lakini Jumatano saa nne nikamkuta mlangoni, amevaa koti la kanisani.

Nikapima mbili mbele yake: saruji ya maabara tuliyo na uhakika nayo, na ya mfuko wake, uzito ule ule. Ya maabara ilikunywa matone mpaka nikachoka kuhesabu mistari. Ya kwake ikageuka buluu mapema mno.

"Mbona hii imeshiba haraka?" akauliza.

"Kwa sababu haina kitu cha kula, Baba mdogo."

Ilitoa arobaini na mbili. Kisha nikamwonyesha karatasi za kuchujia. Ya kwanza ilikuwa karibu tupu. Ya pili ilikuwa na tope la kijivu. Akalisugua kwa vidole na kulinusa. "Majivu," akasema taratibu. Mzee Mbwambo, ambaye ana mdomo kwa kila mtu, safari hii alimvutia kiti tu.

Tuliporudi tuliutazama mfuko. Mdomoni una safu mbili za matundu ya sindano: ulishonwa kiwandani, ukafumuliwa, ukashonwa tena. Itazame yenu pia. Ile yenye safu mbili iwekeni kando, mtasakafia njia ya kuingilia.

Nilimfikiria wifi, mke wa kaka Elibariki. Ni mimba yake ya kwanza, na huenda akawa wa kwanza kulala chini ya lenta ile. Huo ndio uzito wa barua niliyoichana.

Jana mchana Baba mdogo alipotea mpaka magharibi, akarudi na mifuko sita kutoka duka la ushirika Ilala. Leo nimechota kila mmoja. Yote sita imetoa sitini na mbili hadi sitini na nne. Kwa lenta peke yake inatosha. Kesho alfajiri anapanda nayo basi, ameifunga turubai mbili. Kalsiamu haisemi kama saruji imelowa, kwa hiyo ikifika ipapaseni, isiwe na mabonge.

Barua hii anakuja nayo yeye. Ameniomba nimsomee yote, nami nikamsomea. Nilikuwa nimeandika kwamba Baba mdogo alidanganywa na waliomuuzia ile mifuko ya kwanza. Akanisimamisha.

"Futa hapo. Andika hakupima."

"Lakini kweli walikudanganya."

"Walinidanganya. Ila kamati ilinituma mimi. Andika."

Nimeandika, Baba: hakupima. Atayasema mwenyewe mbele ya kamati. Mpokee kama mdogo wako.

Msalimie Bibi, mwambie tumbaku yake imo mfuko wa koti la Baba mdogo. Msalimie kaka Elibariki na ng'ombe wake, mwalimu wa kwaya, na wifi kuliko wote. Mwambie lenta yake nimeipima mara sita.

Nazima taa saa nne na robo, ndivyo nitakavyoandika katika shajara. Leo nitalala.

Binti yako,
Aikande