Sikio Moja la Muhanga

Jumapili, mchana. Baridi kavu ya Joburg, ile ya kupasua midomo, lakini jua lipo.

Basi pale umeme uliponikatia simulizi jana usiku nilikuwa nimefika kwenye gari, nimejifunika blanketi mpaka puani, namsubiri muhanga. Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana najijua, nikianza kusimulia naruka kama panzi, na unayesoma leo kwa mara ya kwanza utabaki unajiuliza huyu mama anasubiri nini huko porini.

Mimi ni wa Morogoro, niliyeolewa huku. Mume wangu, Baba Neo, alikuja kwetu kijana, enzi zile za ukimbizi na mapambano ya Afrika Kusini. Akanikuta nauza vitumbua. Akala, akaenda, akarudi, akala tena. Nchi yao ilipofunguka akarudi kwao na mwuza vitumbua. Tunakaa Rosettenville, na mama yake mzazi tunaye hapa hapa, chumba cha mbele kile kinachopata jua.

Huyu mama mkwe wangu ni mtu wa muhanga.

Huku kila ukoo una mnyama wake. Kuna watu wa mamba, wa simba, wa nyani. Wao ni wa muhanga, wenyewe wanasema thakadu. Ukitaka kumsalimia mama akafurahi humtaji jina, unamtaja mnyama, utamwona anavyocheka mpaka mabega. Na mnyama wa ukoo haliwi, haguswi, na kwa kina mama hata kutazamwa hatazamwi. Wanasema ukimtazama, macho yatakuvimba. Akitajwa tu, unainamisha kichwa, unapiga makofi mawili ya pole pole, viganja umevikunja kidogo. Nilipofika bi harusi nilifundishwa hilo kabla hata sijaonyeshwa jiko liko wapi.

Mimi kwetu muhanga ni mchimba mashimo tu, yale ya kuvunja ng'ombe miguu. Nikacheka. Wifi yangu Mapule akanikanyaga kidole. Nikaacha kucheka.

Sasa macho ya mama yanazima. Presha ya macho, daktari kasema. La kulia limeshakwenda. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, tena saa za jua kali tu. Zile dawa za matone zinachelewesha, hazirudishi. Tulimuuliza daktari ni lini, akasema hakuna anayejua, ila tusijipe matumaini ya miaka.

Asubuhi moja namtia matone, akanishika mkono.

"Ngwetsi," akaniambia, ndivyo wanavyomwita mke wa mtoto wao, "maisha yangu yote nimemwogopa asije akaniharibia macho. Sasa macho yanaondoka yenyewe. Atanitisha na nini tena? Nataka nimwone."

Nikasema mama, mbona hiyo rahisi, nikachomoa simu, mtandaoni si wamejaa tele. Akausukuma mkono wangu.

"Hao ni wa watu. Nataka yule atakayeonana na mtu wangu."

Mtu wangu! Yaani mimi. Miaka yote hii mtaani naitwa yule wa kutoka juu, maana kwao sisi wote tuliotoka Tanzania, Kongo, Burundi, ni watu wa huko juu. Nilikiangusha kichupa cha dawa, kikabingirika chini ya kitanda, nikakifuata huko huko chini nikalie kidogo kwa siri.

Baba Neo na goti lake bovu asingeweza safari. Lakini binti yetu Neo anapika kwenye hoteli moja ya safari huko Kalahari, ndani ndani, kwenye mchanga mwekundu. Akaniombea nafasi kwenye gari la wageni na kitanda chumbani kwake.

Wifi Mapule kusikia, akaja mbio, hata mlango hakugonga.

"Wewe Mtanzania utamuua mama macho!"

"Wifi, yanakufa hata nisipokwenda."

"Basi yafe kwa Mungu, yasife kwa simu yako!"

Nilicheka, lakini moyoni lilinichoma. Ndani ya basi njia nzima nalitafuna neno hilo. Ukoo si wangu, mwiko si wangu, nikikosea hapa sina hata pa kuombea msamaha.

Siku ya kwanza hatukumwona. Dereva wetu Kagiso, kijana mpole, alishatuambia muhanga ni mnyama wa giza, kuna wazungu wanapanda ndege kila mwaka kumtafuta na wanazeeka hawajamwona. Ila kipindi hiki cha baridi na ukame, mchwa wakiwa wachache na usiku ukiwa wa barafu, anatoka jioni mapema jua bado lipo, naye aote kidogo. Ndio bahati yetu.

Na mimi nilikuwa naongea. Jamani, gari zima limekaa kimya, mimi namsimulia Kagiso habari za jirani yangu wa Rosettenville aliyefumania, nikasimulia na ya mwuza nywele wa Marshalltown. Kagiso akageuka kwa adabu zote: "Mma, tafadhali, na wanyama wana masikio."

Mzee mmoja Mholanzi, aliyebeba kamera yenye lenzi kama mchi wa kinu, akaanza kunipa biskuti. Nilidhani ukarimu. Baadaye nikagundua kila nikifungua mdomo biskuti inakuja.

Siku ya pili nikafunga mdomo.

Sikujua kama kuna dunia ile. Mtu ukinyamaza, vitu vinaanza kusogea karibu. Nyasi zilikuwa nyeupe kama nywele za bibi, zinapumua. Mchanga mwekundu ukaanza kuwa wa waridi, halafu kama rangi ya ndani ya papai. Nilisikia mdudu anatembea. Nilisikia damu yangu masikioni, shwaa, shwaa, kama mtu anafagia uwanja mbali. Sikujua kama nimelala au niko macho. Nikamwona marehemu mama yangu anapepeta mchele, nikaona vumbi la mchele linapanda, nikasema moyoni mbona vumbi hili ni la kweli.

Lilikuwa la kweli. Kagiso alikuwa amenyoosha kidole.

Alitoka ardhini kama ardhi yenyewe imeamua kusimama. Mgongo wa mviringo, pua ndefu ya kuazima kwa nguruwe, masikio ya punda. Hana haraka. Anatembea kama mzee aliyevaa koti zito, anainama, ananusa, anasimama, anafikiri. Jua lilikuwa nyuma yake, linapita katikati ya yale masikio, na masikio yakawaka. Yaani yanawaka jamani, mekundu, na mishipa unaiona, kama ukiweka tochi nyuma ya mkono wa mtoto.

Simu nilikuwa nimeishika tayari. Kidole kilikuwa kwenye kitufe.

Ndipo akageuza kichwa akanitazama.

Hapo mimi nikainama nikapiga makofi mawili.

Sikufikiria! Kichwa kilikwenda chini chenyewe, viganja vikakunjana vyenyewe, simu ikiwa katikati, pa, pa, pole pole, kama nilivyofundishwa. Gari zima likanigeukia. Nilipoinua uso niliona mkia tu, mnene, unaingia shimoni, na vumbi linarudi chini bila haraka.

Kagiso hakucheka. Alinitazama muda mrefu, akaniuliza mimi ni wa ukoo gani.

Sasa njoo kwenye picha. Simu ilizipiga yenyewe mle viganjani. Ya kwanza ni goti langu. Ya pili blanketi. Ya tatu mbingu. Ya nne ni mchanga umelala upande, vumbi tupu, na kwenye kona ya juu, sikio. Sikio moja, limekatwa kidogo nchani, linawaka.

Basi. Hilo ndilo nililolifuata Kalahari.

Yule Mholanzi yeye alimpata mzima. Kila unywele, mpaka matone ya kamasi puani. Neo akamwomba, mzee wa watu akanitumia kwenye simu palepale, akanipa na biskuti zilizobaki, safari hii kwa wema kabisa.

Jana narudi nyumbani, mama amelala. Wifi Mapule alikuwa ameshakaa sebuleni ananingoja, maana kwa umbeya mimi na yeye tulipishana matumbo tu. Akapokonya simu.

"Umekwenda jangwani kupiga picha goti? Goti si ulikuwa nalo hapa hapa Rosettenville!"

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akateleza kidole mbele, akafika kwenye picha ya Mholanzi.

Akainama, akapiga makofi, simu imemlalia mapajani. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, wala si kwa kuvimba. Akasogea akaninong'oneza, yule yule aliyenipigia kelele mlangoni: "Mwonyeshe mama hii. Sema umepiga wewe. Nani atajua?"

Baba Neo aliyasikia yote. Akasema anakwenda bustanini kumwagilia mboga ya sukuma. Baridi hii yote, sukuma gani!

Kwa hiyo ndio niko hapa jikoni, chai imepoa, nimewaza tangu alfajiri. Mama ameamka vizuri, amekunywa uji, nimemwambia tusubiri jua lifike chumbani kwake ndipo nimwonyeshe. Hakuuliza nimepata au sijapata. Ameomba avalishwe kile kitambaa chake cha kichwa cha bluu, cha kanisani. Ndicho kinachoniumiza, kile kitambaa.

Maana fikiria. Nikimpa ya Mholanzi, jicho lile moja linaweza kumwona. Mnyama mkubwa, mzima, katikati ya kioo. Atafurahi, na ukungu ukimfunika utamkuta naye. Nikimpa sikio langu, huenda asione kitu. Atageuza simu hivi na hivi, aone wekundu tu, anyamaze ili asiniumize, na hiyo ndiyo itakuwa mara yake ya mwisho kutafuta kitu kwa macho.

Na mimi uongo si mgeni kwangu, naukaribisha chai. Stori yangu yoyote ina chumvi, wenye kunijua wanajua, wanapunguza nusu wenyewe. Ingekuwa rahisi kweli.

Lakini nikifumba macho bado anageuza kichwa. Ananitazama. Mholanzi alimwona ubavu, picha yake ni ya ubavu, mzuri kabisa, anapita zake. Muhanga alionana na mimi. Dakika ile alipogeuka sikuwa wa huko juu wala wa hapa chini, nilikuwa mtu aliyeinamishwa kichwa na kitu ambacho mama alikiweka ndani yangu zamani, mimi sijui kama kiliingia.

Sasa hilo utalipigaje picha?

Nadhani ndio hivyo, hamna picha. Kuna sikio.

Basi nimeamua, au nadhani nimeamua. Nitampa sikio. Nitamkalia karibu, nitalikuza mpaka lijae kioo chote, wekundu wote ule, na asipoliona nitamwongoza kidole chake: hapa ncha, mama, hapa mshipa, hapa jua lilipokuwa linapita. Na kilichobaki nitamsimulia mwenyewe, kuanzia puani mpaka mkiani, bila chumvi. Sijawahi kusimulia bila chumvi. Sijui hata inaanzaje. Je, akisema hatosheki? Akisema ngwetsi, nilikutuma muhanga umeniletea sikio? Nimtoe yule wa Mholanzi na kumwambia ukweli ni wa nani, au nim

Ngoja. Ananiita.

Anasema jua limemfikia magotini, na mgeni wake asisubirishwe mlangoni, nimlete sasa hivi kabla wingu halijapita. Naenda.