Barua Zinazotoka Zenyewe

Jumanne, tarehe 4 Machi 2003, ndiyo siku uliyoniharibia jina, Tito. Programu yako ya kupeleleza kompyuta inasema kila asubuhi barua pepe zinatoka hapa, na anayebaki nyumbani ni mimi. Ukamsomea shangazi yako. Akaniuliza, "Kaka, umeshapata mwanamke, na wifi yangu hajamaliza mwaka kaburini?"

Ndizi zimo sufuriani. Ng'ombe hajapata majani.

Leo nimeiwasha kompyuta kama ulivyonionyesha, nikakaa nimekunja mikono. Zimetoka barua ishirini. Mtu wa darasa la nne natongoza wanawake ishirini bila kugusa kitu! Wakubwa walioitengeneza walifungulia kila kitu cha nje mlango, mlinzi hawakuweka.

~~Nimekusamehe.~~ Niletee kwanza jani la isale la kuomba radhi, shangazi yako akiona.

Baba yako

Sasa, mpelelezi, kama si mimi, ni nani anayeandika?