Mlango Mfupi wa Mihayo

Mihayo, mtani wangu,

Salamu sikupi. Aliyeondoka bila kuaga ni wewe, kwa hiyo wa kuanza kusalimu ni wewe. Lakini nakujua, Mnyamwezi ukishapata pa kulala huamki hata kwa ngoma, basi acha mimi Mzigua niseme.

Huku Kwaluguru hatujambo. Kijiji cha ujamaa kimekamilika, nyumba zetu sasa zimepangwa mstari, na yule jirani uliyekuwa ukigombana naye kwa ajili ya kuku, ukuta wake karibu uguse wa mkeo. Wanapatana vizuri kuliko mlivyopatana wewe na yeye. Mahindi ya shamba la kijiji yamestawi. Sukari ni ya foleni, na kila nikisimama pale dukani nakukumbuka, maana wewe ungetuchekesha mpaka zamu ifike. Nimekosa mtu wa kunitukana, Mihayo. Hilo ndilo linaloniuma. Wengine wananiheshimu tu.

Siku ya mazishi yako nilifanya kazi ya utani kama inavyopasa. Niliingia kaburini nikajilaza, nikawaambia wachimbaji wamepoteza nguvu bure, kwa kimo chako shimo la kupandia mgomba lingetosha. Watu walicheka. Kabula, binti yako, hakucheka, na sababu niliijua. Alikuwa ameomba wasifu wako utaje ile nyumba ya Korogwe, na mwenyekiti wetu wa kijiji akakataa. "Tusimwongopee maiti," alisema. "Mkata mkonge na wakubwa wa nchi, wapi na wapi?"

Hadithi yenyewe tuliisikia sote mpaka tukaichoka. Kwamba kabla ya Uhuru, ulipoacha kukata mkonge ukashika useremala, ulitengeneza mlango wa uani wa nyumba waliyokuwa wakiishi viongozi wa chama. Kwamba mmoja wao, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri, alijigonga kichwa siku ya kwanza, akacheka, akakaa nawe chini jikoni mkala bada, ule ugali wa muhogo, kwa mlenda. Ningekuaminije? Mtu aliyeninunulia mapeasi mabichi pale Mombo akaniambia ndivyo yanavyoliwa, nikatafuna mpaka meno yakafa ganzi! Nilikuita mwongo mbele ya kila mtu, wewe ukaniita mwizi wa mihogo, tukaendelea kunywa kahawa. Utani ni haki yetu tangu babu zako walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kichwani kwenda pwani. Lakini wenzetu walilisema neno hilohilo bila kutania, na Kabula alilisikia.

Sasa sikiliza. Juzi tulipakiwa kwenye lori, wanakijiji tele, tukaenda kuiona nyumba hiyo. Imefanywa nyumba ya kumbukumbu. Kuna meza yao, redio, taa ya chemli, vitanda vyenye vyandarua. Dada anayetembeza wageni alitaja majina ya wakubwa chumba kwa chumba. Kabula alikuwa nyuma yangu, anasikiliza kila jina kama mwanafunzi anayesomewa matokeo. Lako halikutajwa. Nikaanza kufikiri labda kweli ulitudanganya.

Tukatoka kwenda uani, nikajigonga. Si kidogo, Mihayo! Niliona vimulimuli, nikashika ukuta.

"Pole, baba," yule dada akasema. "Mlango huu haumwachi mtu mrefu. Fundi aliupima kwa kimo chake mwenyewe. Walitaka kuung'oa, mkubwa mmoja aliyejigonga akakataza, akasema uachwe ili wengine nao waonje." Jina la fundi hakulijua. Alichoambiwa ni kwamba alikuwa Mnyamwezi mmoja mfupi kutoka mashamba ya mkonge.

Kabula akanipita. Hakuinama. Amerithi kimo chako, mtoto wa watu. Utosi wake ulipita chini ya ule ubao wa juu bila kuugusa. Akatoka uani, akarudi ndani, akatoka tena. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, "Fundi huyo anaitwa Mihayo. Ni baba yangu."

Mwenyekiti alivua kofia, akapita mlangoni akiinama zaidi ya alivyohitaji, akamwambia Kabula, "Nisamehe, mwanangu." Kabula akamwitikia vizuri, maana umemlea vizuri. Ndipo akanitazama mimi na nundu yangu, akacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na mimi nikalia. Mazishini sikulia, kazi ilikuwa nyingi. Nilisingizia nundu.

Kama jina lako litaandikwa pale ukutani, sijui. Yule dada amesema atawafikishia wakubwa wake, na wakubwa unawajua wewe kuliko mimi. Ninachoweza kukuahidi ni hiki. Mimi sitaacha kukuita mwongo. Hiyo ni haki yangu na nitazikwa nayo. Ila asiye mtani wako akilitamka neno hilo mbele ya Kabula, awe mkubwa awe mdogo, atapigana na mimi kwanza, na uzee wangu huu.

Lala salama, mwongo wangu.

Sefu, Mzigua wako