Mama, Usimpakulie

Mama yangu, huko uliko,

Baba anasema umemjia tena. Ameniambia asubuhi hii nikimnywesha uji. Ulikuwa jikoni kwetu hapa Ngamiani, umetandika mkeka, umepakua bada la muhogo na mchuzi wa samaki changu, ukamwita. Alikuwa ananawa mikono maumivu yalipomwamsha. Alisimulia akitabasamu, mama, na mimi nikaweka kijiko chini. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia kwamba anayekula na marehemu ndotoni humfuata.

Unakumbuka alivyokuwa akirudi kutoka kwenye kibanda chake cha baiskeli, mikono myeusi kwa grisi, moja kwa moja hadi kwenye sufuria? Anafunua mfuniko, wewe unampiga mkono kwa mwiko. "Bado hakijaiva, mume wangu. Nenda kaoge." Mara nyingine kilikuwa kimeiva zamani, ulitaka tu aoge. Naye anakwenda zake bafuni akinung'unika kwamba nyumba hii ina serikali yake.

Mwanamume yule simwoni tena. Amekonda mpaka msuli haumkai kiunoni. Kwa muda mrefu alikuwa akienda haja yenye damu na hakuniambia. Nilisikia maji yakimwagika uani usiku, nikadhani anatia udhu wa tahajudi, nikajisifu moyoni kwamba nina baba mcha Mungu. Kumbe alikuwa akifua misuli yake gizani ili nisione. Nilipoiona hiyo damu akasema ni bawasiri tu, akaendelea kunywa mizizi yake. Nikamkokota kwa daktari. Daktari akasema lazima apimwe kwa mpira wenye kamera unaopitishwa nyuma. Baba akavaa kofia yake akatoka. "Tangu nitoke jandoni hajanivua nguo mtu. Leo anivue kijana yule?"

Mama, sijui usiku unaishaje. Mara tumbo limefunga, anajinyonganyonga na kuuma mto. Mara linafunguka kabla hajashusha mguu kitandani. Nikimsogelea anang'ang'ania shuka. "N'ache, mwanangu. Si halali yako kun'ona hivi." Analala kwenye uchafu kwa kunistahi mimi bintiye! Nimembembeleza, nimemfokea, nimetoka uani nikapiga ukuta kwa ngumi. Kuna usiku nilimwomba Mungu amchukue, kisha nikamwomba asinisikie. Nimechoka, mama. Nimechoka na sina wa kumwambia ila wewe.

Juzi nikaikumbuka kazi yako. Ulikuwa ukiitwa kuwaosha wanawake waliofariki mtaani, na nilipokua ukaanza kunichukua nikushikie maji. Ulinifunza kuosha bila kuona: shuka juu, mkono uliofungwa kitambaa chini yake, macho yanatazama kwingine. Basi nikamfunika baba shuka, nikazima taa, nikamwosha hivyo hivyo. Akatulia. Ilikuwa mara ya kwanza kuniachia, nikashukuru. Kisha mkono wangu, kwa mazoea yale yale uliyonitia, ukafika tumboni ukaanza kulikamua taratibu, kama tulivyokuwa tukiwakamua wale ili kilichobaki kitoke.

Baba akanishika kifundo cha mkono.

"Mwanangu, wan'osha maiti?"

Chini ya kiganja changu palikuwa na kitu kigumu, ukubwa wa limau. Nililia kwa sauti, mama, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

"Baba, humu mna uvimbe," nikamwambia. "Nimeushika."

Akauweka mkono wake juu ya wangu, akaupapasa na yeye. Adhana ya alfajiri ilitukuta bado tumeushika.

"Haya," akasema. "Nipeleke kwa yule kijana. Lakini wewe utabaki nje."

Tunakwenda kesho. Sijidanganyi, najua huenda tumechelewa. Nimemwona anavyopumzika akitoka kitandani hadi mlangoni, na mlango wenyewe uko pale pale. Lakini amekubali kuvuliwa nguo, yeye baba, kwa sababu yangu. Na sasa ndipo unapomjia na mkeka?

Najua umemkumbuka. Najua huko uliko hakuna anayekununia kwa ajili ya kuoga. Mimi nimebakiwa na huyu tu, mama, na siko tayari, hata kidogo. Kukuzuia usije siwezi, na yeye anafurahi kukuona, hilo nimeliona usoni mwake. Basi njoo. Kaa naye, mpepee, mcheke kidogo. Lakini akiifuata sufuria, mpige mkono kwa mwiko, umwambie bado hakijaiva.

Ni mimi mwanao, ninayelala mlangoni pa mumeo.