Matanga ya Nyumba Yenye Haiyakufa

Beni, siku ya yenga, saa ya misa (sikuenda, hapana kumwambia padiri)

Mama Paluku, mwenzangu wa siku zote,

Weye uko muzima? Ule mugongo yako ungali unakataa shamba, ao umeupatia konji ya kupumuzika ukapona? Miye huku niko, nakula, nacheka, na meno zangu mbili zenye zilibakia zinasalimia zako ine. Mwalimu mwenye anakusomea hii barua asiruke fasi zenye nakutania, juu zile ndizo niliandika na nguvu.

Najua unataka habari moja tu: wajukuu wetu bako na nyumba, ao bako inje? Ngojea kidogo. Nikianza na mukia, kichwa kitakimbia.

Wakati nilitoka kwetu Luofu, tulijua tu kama mukamwana wetu Kavira iko na shida. Shida yenyewe ni hii. Kisha kifo ya mutoto wetu Paluku, alitaka kuuzisha vitenge. Akakopa furushi moja kwa mucuruzi munene wa hapa, mwenye bote banaita Patron, na akamwachia kartasi ya parsele, kiwanja ya nyumba, kama rehani. Akapanda kamyo ya kwenda soko ya Mbau. Ku barrière, pale banafunga njia, waasi ba hii rebellion bakashusha mizigo yote, bakasema ni mchango ya ukombozi. Miye nauliza: banakomboa nani na vitenge ya bamama?

Patron hakutaka kusikia. Alienda ku bureau, bakapiga kachet, muhuri ya amri: siku ya posho, ile jumamosi, Kavira na batoto batoke, nyumba ni yake. Ile nyumba Paluku alijenga na mikono yake, weye mwenyewe ulikanyaga udongo ya matofali.

Siku ine mbele ya posho, bamama ba shirika ya kanisa ya kartie, mutaa yetu, bakakuya kusali. Mukubwa wao ni Mama Kahambu, muuzishaji wa makayabu, samaki ya chumvi, sauti yake inaamusha watu kushinda kengele. Akafunga Rozari, akanitazama.

“Tata, maombi tumefanya. Sasa twende ku radio.”

Nikacheka. Unajua ginsi nilizoea kuita radio: kisanduku ya uongo ya baministre. Lakini ile ya hapa ni kachumba kamoja nyuma ya kanisa ya paroisse, anteni ku muti ya mukalitusi, ukuta yote imepigiliwa kartoni za mayai juu sauti isiruke. Nikauliza kuku banatagia wapi. Binti mwenye anasomaka matangazo, jina lake Masika, hakucheka.

“Sokulu, babu yangu, tangazo inalipiwa. Yenye iko bure ni ya kifo peke.”

“Basi andika kifo.”

“Nani amekufa?”

“Nyumba. Haiyakufa, lakini siku ya posho banakuya kuizika.”

Alinitazama murefu, kama mutu anapima kama muzee iko muzima mu kichwa. Kisha akakamata biki, akaandika.

Ile magaribi tukasikia: “Tunajulisha jamaa na barafiki ya marehemu Paluku, hapa Beni, Mbau, mupaka Butembo: nyumba yake iko mu hali mubaya sana. Matanga ni siku ya posho ku parsele. Mwenye anasikia ajulishe mwenzake.” Kavira alifunika uso. Miye nikawaza batakuya watu kumi: munane ya kucheka, mbili ya kula.

Mama Paluku, siku ya posho asubui nilifungua mulango, nikaufunga tena. Niliona haya kwa wingi ya watu. Balikuya na kuni ku kichwa, na matandiko, na masufuria, na mikungu ya ndizi. Bengine balitoka Mbau na miguu. Baseremala benye balifunzwa na Paluku balikuya na vyombo vyao, sijue juu ya nini. Karani mumoja wa Kasai, mwenye serkali ilimusahau bila mushahara, alibeba kiti ya bureau yake. Hakuna hata mumoja aliniuliza kama ni muchezo. Bakakaa chini, sawa vile banakaa kwa ajili ya mutu. Miye nikavua kofia.

Patron akafika na basoda mbili, askari ba bunduki. Soda mukubwa akaona kilio, akauliza na Lingala: “Nani akufi?”, ni kusema nani amekufa.

“Nyumba,” Mama Kahambu akajibu.

Soda akatazama nyumba, akatazama batoto. Akavua bereti, akakaa. “Ku matanga,” akasema, “hapana kutoa mutu inje.” Mwenzake akakaa pia, juu maharagi ilikuwa karibu kuiva.

Patron akabakia wima peke yake. Na unajua desturi: ku kilio muzee anauliza nani anadai marehemu, na mwenye anadai anasema mbele ya bote. Katekista wa kanisa akauliza. Masika wa radio akasogeza mashini yake ya kukamata sauti.

“Furushi moja ya vitenge,” Patron akasema, kidogo kidogo.

“Eee?” parsele yote.

“Moja?” Mama Kahambu. “Kwa nyumba ya vyumba tatu?”

“Kartasi inasema...”

“Kartasi hapana kulia matanga, Patron. Weye unasema nini?”

Akapangusa jasho. Kisha akapandisha sauti, na hapo alisema kweli: “Na miye je? Miye pia balinipora ku barrière, mara mbili! Nani alinililia?”

Hakuna alicheka. Mama Kahambu mwenyewe akamusogezea kiti ya karani. Alipokaa, mambo ikakuwa mepesi: shirika itavuna kahawa yake kwa zamu mupaka deni ya furushi iishe, na yeye arudishe kartasi.

“Na bakikimbia, nitakamata nani?” Patron akauliza.

Nikasimama. “Miye.”

“Weye nani?”

“Baba ya Paluku. Sitatoka Beni mupaka siku ya mwisho ya ile kazi.”

Akatazama mashini ya Masika, akanitazama miye. Akatoa kartasi mu koti, akamupatia Kavira.

Basi wajukuu bako mu nyumba. Na miye sitafika kwa kupanda maharagi. Miaka yote uliniambia neno langu haiwezi kununua hata chumvi. Siku ya posho ilikomboa nyumba, na tangu pale naogopa kuitumia bure. Leo asubui nilianza kudanganya mutu mumoja juu ya samaki, nikaacha katikati. Kuya uone hii ugonjwa.

Salimia ndugu yangu mudogo, mwenye anachunga shamba yetu na kuiba mukalitusi zetu. Salimia muzalishaji jirani, mwenye alikuwa wa kwanza kushika Paluku. Na dada yako, mwenye alikukataza kuolewa na miye: umwambie wasingya, aksanti, alikuwa na haki.

Miye bwana yako, mwenye sasa ni kartasi ya nyumba ya Beni.